Tatu Kati ya Kumi

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa mezani jikoni naandika tatu.

Siyo hesabu za shule. Ni daftari la Mama, lile la kijani walilompa kwenye utafiti. Kila siku ina ukurasa wake, na kila ukurasa una mstari unaoanza sifuri unaishia kumi. Sifuri maana yake huumwi kabisa. Kumi maana yake ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Mama anataja namba kabla hajanywa kahawa, mimi naizungushia duara, kwa sababu kalamu yeye haishiki. Saratani ya titi ilishaondoka, watu wa kanisani wakaleta keki na kila kitu, lakini zile dawa za saratani zilimwachia moto kwenye vidole vya mikono na miguu. Halafu juu ya moto, ganzi. Aliwahi kuniambia ni kama kuvaa soksi za makaa. Aliniambia mara moja tu, mwaka jana, na nadhani ilimponyoka.

"Leo ngapi, Mama?"

"Tatu."

Alikuwa ameegemea sinki. Kikombe alikuwa amekibana kwa viganja viwili, vidole amevinyoosha juu visiguse chochote, na kahawa ilikuwa inatetemeka mpaka inamwagikia kwenye gauni. Midomo yake haikuwa na rangi.

"Tatu kweli?"

"Britta, tatu. Kuna watu wana hali mbaya zaidi."

Nikaweka duara. Hiyo ilikuwa siku ya hamsini na sita, na maduara yote hamsini na sita nimeyaweka mimi.

Ndani ya jalada la daftari kuna maelekezo, na mimi niliyasaini siku ya kwanza: msaidizi ataandika kile tu mgonjwa anachosema, asikisie, asirekebishe, asimshauri. Nilijivunia sana ile saini. Mimi ni mtu ambaye darasani nikiulizwa kitu naangalia viatu, kwa hiyo kazi ya kuandika maneno ya mtu mwingine bila kuongeza langu niliiona kama imeshonwa kwa vipimo vyangu.

Utafiti wenyewe ni wa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Wanataka kujua kama zinatuliza maumivu ya aina ya Mama. Kompyuta iliwagawa wagonjwa wote kwa bahati nasibu: nusu wanachomwa sindano za kweli, nusu wanachomwa za bandia, zenye ncha butu inayorudi ndani ya mpini ukiisukuma, kama visu vya kwenye maigizo. Mgonjwa hajui yuko upande gani. Anayekusanya namba naye hajui. Anajua mchomaji peke yake, na yeye amefungwa mdomo.

Na kuna sharti jingine, ambalo ndilo limetufikisha hapa. Mama alikuwa anameza vidonge vinne kwa siku vya kutuliza mishipa ya fahamu. Utafiti unasema ukikaa wiki mbili mfululizo chini ya nne, unapunguziwa kidonge kimoja. Ndiyo njia yao ya kuona kama sindano zinaweza kuchukua nafasi ya vidonge. Siku ya kwanza kabisa Mama alisema sita. Baada ya sindano za kwanza akasema tatu, na hajawahi kurudi juu. Vidonge vikawa vitatu, vikawa viwili, kikawa kimoja. Leo Ijumaa ilikuwa siku ya kuondoa cha mwisho.

Usiku namsikia anavyotembea koridoni. Anatembea kwa visigino, vidole amevikunja juu.

Saa tatu nilitoka kusafisha gari. Nina leseni tangu Oktoba na sasa mimi ndiye dereva wa nyumbani, maana Baba yuko mgodini kaskazini, anarudi Jumapili. Wiki iliyopita nilimwambia kwenye simu kwamba Mama haendelei vizuri. Akasema, "Angekuwa anaumwa angesema." Mimi nikasema sawa. Kwetu Duluth, huku kaskazini mwa Marekani, mtu akikuambia "si mbaya sana", inaweza kuwa amekula vizuri na inaweza kuwa nyumba yake inaungua, na ni tabia mbaya kumwuliza ni ipi kati ya hizo.

Nilimfunga Mama mkanda. Aligeuza uso dirishani wakati namfunga.

"Mama, leo naomba tumwambie Nesi Corinne."

"Tumwambie nini?"

"Kwamba siyo tatu."

"Angalia barabara, ina barafu."

"Bado hata sijawasha gari."

"Basi washa."

Kliniki iko juu kilimani, na kutoka dirishani pao ziwa lote linaonekana, jeupe tupu kwa barafu. Kwanza anaingia kwa Janelle. Janelle Koski ni binti wa mpiga kinanda wa kanisani kwetu. Mama alimfundisha shule ya Jumapili alipokuwa na miaka sita, akamvika mabawa ya malaika kila Krismasi. Sasa amesomea sindano na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Haruhusiwi kumsemesha Mama zaidi ya yaliyoandikwa kwenye kadi, ili wagonjwa wote wasikie maneno yaleyale.

"Sasa nitaweka sindano," Janelle alisoma. "Unaweza kusikia kitu, au usisikie kitu. Vyote viwili ni sawa."

"Na mama yako nyonga yake vipi?" Mama akauliza.

Janelle akageuza kadi. Upande wa pili haukuwa na jibu la swali hilo. Masikio yakamwiva.

"Nyamaza tu, mwanangu, najua," Mama akasema. "Mimi naongea na ukuta."

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikahesabu sindano, kumi na mbili. Mama alifumba macho. Karatasi iliyotandikwa chini ya kisigino chake ilikuwa inachakaa kwa kusuguliwa. Janelle aliiona. Nina hakika aliiona, kwa sababu alisimama pale na ile kadi yake kifuani, kisha akatoka.

Kisha chumba cha pili, kwa Nesi Corinne, ambaye ndiye anayechukua namba. Ni mama mmoja mchangamfu, ana miwani mbili, moja machoni nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya kichwani.

"Haya, nyota wetu kaingia! Hujambo, Marlys?"

"Sina la kulalamika."

"Unaona? Laiti wote wangekuwa hivi. Kuna bwana mmoja hapa kila wiki ananiletea risala." Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Tatu, tatu, mbili, tatu, tatu. Mbili ya Jumanne! Jumanne ulifanya nini?"

Jumanne Mama alidondosha sahani ya supu ya mchele pori, akakaa sakafuni katikati ya vipande dakika ishirini kwa sababu hakuweza kuinuka kwa mikono.

"Nilipumzika," Mama akasema.

Nesi Corinne akatugeuzia kompyuta. Kulikuwa na mistari mingi ya kijivu imesongamana juu, inapanda inashuka kama nyuzi zilizochanganyikana, na mmoja mwekundu umetulia peke yake chini kabisa.

"Majina sina ruhusa. Lakini huu mwekundu," akakonyeza, "anaishi nyumba yenye mlango wa bluu."

Mlango wetu ni wa bluu. Mama akacheka. Nikaona ana furaha kweli, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Ile ni furaha ya mtu aliyeleta chakula kwenye msiba na sufuria ikarudi tupu.

"Kwa hiyo leo tunaaga kidonge cha mwisho. Chupa umekuja nayo?"

Vidonge vinavyobaki vinarudishwa, vinahesabiwa, havibaki nyumbani, kusudi mtu asimeze kwa siri akaharibu matokeo. Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa nimeishikilia tangu nyumbani, imepata joto.

"Britta, mpe mama."

Sikuitoa. Nikasema, "Nesi Corinne, kuna kitu. Kuhusu Mama. Yaani akiwa kule anachomwa, na akirudi nyumbani, siyo kama…"

"Hapo hapo!" Akainua mikono yote miwili kama nimemwelekezea bunduki. "Simama hapo, mpenzi. Kama ni habari ya sindano, mimi usiniambie."

"Siyo sindano, ni…"

"Anavyojisikia akichomwa, anavyofikiri yuko kundi gani, usiniambie. Nikishajua, namba nitaanza kuzisoma ninavyotaka mimi. Wiki nane za kazi, kwaheri. Umenielewa?"

"Ndiyo, lakini…"

"Mwache mama wa watu afanye kazi yake," Mama akasema. Alisema kwa upole, ila mguu wake ulinigusa chini ya meza, na kule kunigusa tu kukamfanya avute pumzi kwa meno. Nesi Corinne alikuwa anatafuta miwani.

"Mtoto ana jambo rohoni, na mimi sitaki kulidharau," Nesi akasema. Akanipa karatasi na bahasha. "Andika lote. Funga, tia kwenye lile sanduku. Utafiti ukifungwa tunazifungua zote, tunazisoma moja moja, nakuahidi."

"Utafungwa lini?"

"Mwezi wa tano."

Ilikuwa Januari. Nikaishika ile bahasha. Wote wawili walikuwa wananiangalia, wananitabasamia, na mimi nikawa vile ninavyokuwaga nikiangaliwa. Nikatoa chupa nikaiweka mezani. Nesi Corinne akavimwaga vidonge kwenye sahani ndogo, akavivuta viwili viwili kwa kisu cha plastiki. Kumi na vitatu. Akaandika. Akavitia kwenye mfuko, akaufunga.

Garini sikuwasha injini. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, ile nyembamba ya baridi kali, inapita kioo bila kushika.

"Mama. Ya leo ilikuwa ngapi? Ya kweli."

"Uliandika tatu."

"Sijauliza nilichoandika."

Akaangalia mikono yake mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvishika.

"Yule binti," akasema, "hata kunisalimia hawamruhusu. Unamwona anavyoingia? Anatetemeka kuliko mimi. Nikisema namba kubwa wataona mikono yake haifai."

"Hawaangalii mikono ya Janelle! Wanaangalia sindano."

"Na sindano zikifaa, hospitali zote zitakuwa nazo. Wanawake wengine watapata. Mimi sina kingine cha kuwapa watu, Britta. Kuoka siwezi, kushona siwezi. Namba naweza."

"Mama, hizo namba ni za uongo! Watasoma huo mstari mwekundu, halafu mwanamke mwingine, sijui wa wapi, atanyang'anywa vidonge kama wewe. Kwa sababu yako. Kwa sababu yangu, mimi ndiye naandika!"

Sijawahi kumpigia Mama kelele. Gari letu ni dogo, na sauti ilizunguka ikanirudia. Mtu mmoja alipita na mbwa akatupungia mkono, na Mama akainua kiwiko kumpungia, akatabasamu mpaka mtu alipopita. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia:

"Daftari lao linaishia kumi."

Basi. Nikawasha gari tukaenda.

Kidonge cha asubuhi kilikuwa kimeshaisha nguvu tulipofika. Nilimpashia viazi vya kuoka na nyama, nikamlisha vijiko vitatu, akaniomba nimwache apumzike kidogo. Nikaenda chumbani na daftari. Nyuma ya jalada kuna namba ya simu ya dharura ya utafiti, saa zote, siku zote. Mimi kupiga simu kwa mtu nisiyemjua ni kitu ambacho huwa nakifanyia mazoezi kwanza kwa kuandika. Niliandika: Habari za mchana, naitwa Britta Tollefson, mama yangu ni Marlys Tollefson, mama yangu anaumwa sana. Nikaisoma mara nne. Nikapiga.

Akapokea kaka mmoja, sauti nzito ya usingizi. Nikasoma karatasi yangu mpaka mwisho.

"Pole, mdogo wangu. Anapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Ana fahamu zake?"

"Ndiyo, lakini anaumwa. Mmechukua vidonge vyake vyote."

"Hapo sasa. Habari ya maumivu lazima niisikie kwake mwenyewe, kwa mtu mwingine siruhusiwi kuichukua. Nipe niongee naye."

Ndivyo walivyoweka. Maumivu ni ya mwenye nayo, mwingine hawezi kuyasema. Hata mimi wiki nane zilizopita niliona ni sheria nzuri.

Nilishuka ngazi. Mama alikuwa kwenye kochi, amelala ubavu, ameuma kona ya mto kwa meno. Nilivyosema ni watu wa utafiti, aliachia mto akakaa wima. Naapa hata nywele alijaribu kuzitengeneza kwa kiwiko. Nikaweka simu kwenye spika.

"Halo! Ndiyo, ni mimi… Aa, hakuna neno kabisa… Mtoto ana wasiwasi tu, unajua tena, umri huo."

"Kwa hiyo maumivu, kati ya sifuri na kumi?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nikashika magoti yake. Nikasema bila sauti, kwa mdomo tu, tafadhali, tafadhali. Aliniona. Alinitazama kabisa machoni.

"Tatu," akasema. "Na huko kwenu theluji imeshafika?"

"Imefika, na upepo juu."

"Eee, pole. Basi nisikucheleweshe."

"Hapana, hunicheleweshi."

"Haya basi. Barabara ya daraja wameifunga?"

"Bado, ila nasikia wataifunga."

"Basi uendeshe taratibu ukitoka kazini. Haya. Haya basi."

Waliagana dakika saba. Jasho lilikuwa linamtiririka Mama kidevuni, na sauti yake ni ile ya kuuzia keki kanisani. Simu ilipokatika akajikunja.

Nilikuwa nimekasirika. Nilikwenda juu nikafunga mlango, na hilo sitalisahau, kwamba nilifunga mlango. Labda robo saa, labda zaidi. Nilichosikia ni upepo tu, halafu nikahisi baridi miguuni, baridi inayopanda ngazi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Alikuwa kwenye baraza, amepiga magoti bila koti, mikono yote miwili ameizamisha kwenye theluji mpaka juu ya vifundo. Nje ilikuwa chini ya sifuri nyuzi ishirini na mbili. Uso wake ulikuwa umetulia. Sijauona umetulia hivyo tangu kiangazi.

"Mama! Umekaa hapa muda gani?"

"Sasa hivi tu."

Theluji ilikuwa imeshamfunika mgongo.

Nilimvuta. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vinang'aa kama mishumaa, na alipoviona hakushtuka, kwa sababu hakuvisikia. Nilimkalisha jikoni nikajaza sinki maji ya vuguvugu nikavitumbukiza. Nikasema naita gari la wagonjwa.

"Usiite."

"Mama, vidole!"

"Mtaa mzima utaona taa. Kina Halvorson wa jirani watatoka nje kwenye baridi hii kuja kuuliza. Usiite, Britta, nakuomba. Tazama, vinarudi."

Vilikuwa vinarudi kweli. Rangi ya waridi ilianza kwenye viungo ikashuka kidogo kidogo, na rangi iliporudi, maumivu yakarudi nayo, yale yake ya zamani pamoja na ya barafu. Hapo ndipo niliisikia sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele ya mtu. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayebeba kabati zito peke yake ngazini. Nilimshika kichwa. Alikuwa anasema kitu kati ya pumzi na mimi nikainama nisikie, nikidhani atataja namba, hatimaye. Alikuwa anasema, "Samahani. Samahani. Samahani."

Vidole vyote kumi vilipata rangi. Nilivikausha kwa taulo kwa kuvigusagusa tu. Nikamlaza kwenye kochi, nikafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, ufunguo nikautia kwenye soksi yangu. Aliniona nikifanya hivyo. Mimi, mtoto wake, nimemfungia mama yangu ndani ya nyumba yake.

Nikakaa kwenye ngazi, mahali ninapomwona. Namba ya Nesi Corinne ninayo, alitupa ya kutuma ujumbe tukichelewa miadi. Niliandika bila kufanya mazoezi:

"Nesi Corinne, ni Britta wa Marlys Tollefson. Hii siyo habari ya sindano, naomba usome mpaka mwisho. Namba zote kwenye daftari la Mama ni za uongo. Anazisema yeye, naziandika mimi, na sote tunajua. Ukimwuliza atakuambia tatu. Ukija hapa ukamwuliza ana kwa ana atakuambia tatu na atakupa kahawa. Usimwulize. Mwangalie. Anaumwa kiasi kwamba leo alitaka kuua vidole vyake mwenyewe. Nyumbani hakuna hata kidonge kimoja, vyote unavyo wewe. Mtoe kwenye utafiti, futa ule mstari, nikasirikieni mimi, nilisaini. Ila mrudishieni vidonge leo. Siyo Jumatatu. Tafadhali."

Nilibonyeza saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Simu ikaandika kwamba umefika. Nikasubiri iandike kwamba umesomwa.

Mama akageuka kwenye kochi, akauma tena ile kona ya mto. Saa kumi na mbili na nusu nikatuma tena, neno moja tu, "Tafadhali." Nalo likaandikwa limefika.